HANDAKI LA LEMBENI NA MAJINA YA WALIOLICHIMBA

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wa gazeti hili mbele ya walimu na watumishi wa Serikali mjini Same.)



Mada niliyopewa ni maisha ya kila siku ya askari handakini wakati wa vita. Nilipoipokea nilitambua kwamba wengi wenu mngetazamia niseme habari za mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, ambayo picha zake zimo katika vitabu mnavyofundishia. Naomba mniruhusu nianze karibu zaidi na nyumbani. Mtu anayetoka hapa Same kwa basi kwenda Moshi hupita Lembeni kabla hajafika Mwanga. Basi halikawii pale, wala abiria haoni sababu ya kugeuza kichwa. Hata hivyo, mwaka 1916, Lembeni ilikuwa mojawapo ya ngome za mstari wa mbele katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na udongo wake ulichimbwa mahandaki kwa mikono ya Waafrika.

Yafaa kwanza tukumbushane vita hivyo vilifikaje Upare. Vilipoanza Ulaya mwezi Agosti 1914, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi yetu waliuteka mji wa Taveta, ng'ambo ya mpaka, wakaushika hadi Machi 1916. Mwezi huo Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini, akiongoza majeshi ya Waingereza, aliwaondoa Taveta, akapigana nao katika vilima vya Latema na Reata, akaingia Moshi, na tarehe 21 Machi akawasukuma kutoka Kahe. Hapo mvua za masika zikayafunga majeshi yote mawili. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipeleka sehemu kubwa ya jeshi lake Kondoa Irangi, ambako safu nyingine ya Waingereza ilikuwa imeingia mwezi Aprili, akamwachia Meja Kraut ulinzi wa reli ya huku kwetu. Reli hiyo ni hii ya kutoka Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Lembeni ni mahali ambapo reli inaukaribia mlima. Wajerumani walijichimbia pale, wakimngoja adui aje kwa kuifuata njia ya chuma.

Basi, ndani ya handaki alikuwamo nani?

Kombania moja ya jeshi la Wajerumani ilikuwa na askari Waafrika kati ya 150 na 200 hivi, pamoja na Wajerumani ambao mara nyingi hawakuzidi ishirini. Askari hao walitoka Unyamwezi, Usukuma, Umanyema na sehemu nyingine nyingi, na baadhi yao walikuwa na asili ya Sudan. Vyeo vyao, ombasha, shaushi, sol na efendi, vilikuwa na majina ya Kituruki yaliyoletwa na askari wa kwanza walioajiriwa Misri mwaka 1889. Wengi walianza vita wakiwa na bunduki ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi. Kila ilipolia ilitoa wingu la moshi, na wingu hilo lilimwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Mwafrika alipewa silaha ambayo ilimtaja kwa adui yake.

Na upande wa pili? Walikuwako Waingereza, Makaburu, Wahindi na walowezi kutoka Rhodesia. Walikuwako pia askari wa King's African Rifles, yaani KAR, Waafrika walioajiriwa Kenya, Uganda na Nyasaland. Wengi wa pande zote mbili waliweza kusemezana kwa Kiswahili. Wangekutana sokoni wangeulizana bei ya mahindi. Walikutana porini wakapigana risasi, kwa sababu ya ugomvi uliozuka katika miji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Ndugu Walimu, sasa tuitazame siku moja ya askari huyo wa kombania. Ilianza kabla ya jua, kwa kuwa alfajiri ndiyo saa ya kushambuliwa, na mlinzi aliyesinzia saa hiyo angeweza kuwaangamiza wenzake wote. Kulipopambazuka bila adui kuonekana, kazi ilianza, na kazi yenyewe ilikuwa ya jembe na sururu zaidi kuliko ya bunduki. Handaki halichimbwi mara moja likaisha. Katika masika kuta zake hulainika na kuporomoka. Maji hujaa chini, nayo sharti yatekwe na kumwagwa. Miti na vichaka vilivyo mbele sharti vifyekwe ili adui aonekane, kisha matawi ya miiba yaburutwe na kupangwa kuwa boma. Mkulima yeyote wa Kipare aliyewahi kuzibua mfereji baada ya mvua kubwa anaijua kazi hiyo. Tofauti ni kwamba mkulima anajua maji yake yanakwenda shamba gani.

Chakula kilikuwa unga wa mtama au wa mahindi, na nyama ilipopatikana. Kombania za Wajerumani zilifuatana na wake za askari, watoto wao na watumishi, na mara nyingi wanawake hao ndio waliotwanga, waliopika, na waliochota maji. Vitabu vya vita vinapohesabu jeshi huhesabu bunduki. Mwanamke aliyepanda na mtungi wa maji kutoka kijitoni hamo katika hesabu hiyo, lakini ondoa mtungi wake na handaki linakufa kwa siku mbili.

Baada ya chakula yalikuja maradhi. Naomba hapa tutue kidogo, maana watu wengi hudhani kwamba askari huuawa na risasi. Katika vita vya Afrika ya Mashariki, maradhi yaliwaondoa watu mstarini kwa wingi uliozipita risasi mbali sana. Malaria ilikuwa ya kwanza, na masika ndiyo majira yake. Iliandamana na kuhara damu, homa ya papasi, na funza waliojichimbia katika vidole vya miguu hata mtu akashindwa kutembea. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, basi Wajerumani wakatengeneza kwinini yao wenyewe katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Majeshi ya kigeni yaliyokuja na matumaini ya vita vifupi yalijikuta yakilala katika mahema ya hospitali, yakitetemeka kwa homa.

Usiku ulikuwa na kazi zake. Zamu za ulinzi zilipokezana, na mlinzi alisikiliza. Porini kila mnyama anayevunja kijiti hufanana na adui. Baridi ya mlimani ilishuka, nguo zilikuwa mbichi kwa mvua, na moto mkubwa ni alama kwa anayepiga mizinga. Siku nzima iliweza kupita, na nyingine baada yake, bila risasi hata moja. Wengi wetu tukitaja vita hufikiri mapigano. Lakini askari aliyemo handakini akiulizwa alifanya nini, jibu lake la kweli katika siku nyingi lingekuwa kwamba alichimba, alibeba, aliugua, na alingoja.

Lakini unga ulifikaje handakini? Ulifika juu ya kichwa cha mtu. Reli ilikwenda mahali pamoja tu, malori yalikuwa machache na yalikwama matopeni, wanyama walikwisha. Ikabaki mabega ya Mwafrika. Tufanye hesabu ndogo ambayo mwalimu aweza kuwapa wanafunzi kesho asubuhi. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga, naye mwenyewe ala karibu kilo moja kwa siku. Ikiwa ghala liko mwendo wa siku kumi kutoka mstarini, atakwenda siku kumi na kurudi siku kumi. Atakula kilo 20 njiani. Askari atapata kilo tano. Ndiyo sababu mpagazi alihitaji mpagazi, na huyo akahitaji mwingine. Waingereza peke yao, katika vita vyote vya Afrika ya Mashariki, walitumia wapagazi wanaokadiriwa kukaribia milioni moja. Kumbukumbu zao wenyewe zinataja vifo 95,000 hivi miongoni mwa watu hao, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa unga usiosagwa vizuri uliowaharibu matumbo, kwa kulala mvuani bila blanketi, na kwa kutembea wakiwa wagonjwa. Kila mmoja wetu anapokwenda Kariakoo, Dar es Salaam, hulitaja jeshi hilo la wapagazi bila kujua, kwa kuwa jina la mahali pale limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Na Nairobi nayo inayo Kariokor yake.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, sikilizeni mwisho wa handaki la Lembeni. Baada ya kungoja kwa miezi miwili, Smuts aliondoka mwishoni mwa Mei mvua zilipopungua. Hakuja kwa njia aliyotazamiwa. Safu yake kuu ilifuata ukingo wa mto Pangani, porini ambamo hamkuwa na barabara. Safu ya pili ilifuata reli. Na safu ya tatu, ambayo kiini chake kilikuwa askari wa KAR, ilitoka Mbuyuni ikapenya katika mwanya wa Ngulu. Wajerumani waliona kwamba wakikaa watazungukwa. Wakaiacha Lembeni bila pigano kubwa, wakiharibu reli na madaraja nyuma yao. Kabla mwezi Mei haujakwisha, Same hii tuliyomo ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kutoka hapa safu moja ilipita katika mwanya wa milima, ikashuka kwa njia ya Kisiwani na Gonja kuelekea bonde la Mkomazi. Tarehe 30 Mei palikuwa na pigano Mikocheni, karibu na Bwiko, pale mto Pangani unapoisogelea tena reli. Katika siku kumi hivi majeshi yalikuwa yamekwenda kilomita zipatazo 200.

Mfikirieni yule aliyechimba. Kule Ulaya handaki lilianzia mpaka wa Uswisi hadi bahari ya Kaskazini, nalo lilikaa mahali pamoja kwa miaka. Huku kwetu mtu alichimba wakati wote wa masika, akazika wenzake waliokufa kwa homa kando ya kazi yake, kisha usiku mmoja akaamriwa achukue bunduki na mkeka wake aondoke, akachimbe kwingine. Aliondoka Lembeni, akaondoka Mikocheni, akaondoka Mombo na Korogwe. Kama alikuwa na bahati mbaya ya kuishi, aliendelea kuchimba na kuondoka mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, ambako Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Na wenyeji wa milima hii? Jeshi lipitalo hula. Lilikula la Wajerumani likirudi nyuma, likala la Waingereza likisonga mbele, na kila moja lilitaka watu wa kubeba. Vita vilipokwisha yakaja maradhi ya homa ya mafua ya mwaka 1918, yakaikuta nchi imedhoofika. Wapare hukumbuka, na wana haki ya kukumbuka, jinsi walivyokusanyika hapa Same mwaka 1945 kuipinga kodi ya Mbiru, wake kwa waume. Upinzani huo tunausimulia kwa fahari. Lakini wale waliobeba mizigo ya vita vya wageni mwaka 1916 hatuwasimulii, kana kwamba ni aibu yao. Aibu si yao. Aliyelazimishwa kubeba hana aibu. Aibu ni ya aliyembebesha na asimwandike jina.

Ndugu zangu, miaka 62 baadaye Mtanzania aliingia tena handakini, na safari hii hapana mtu aliyemtuma kwa ugomvi wa Ulaya. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu kaskazini mwa mto Kagera, yakaua raia, yakapora mali na mifugo, na tarehe 3 Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere alipowaeleza wananchi tarehe 2 Novemba, alitaja mambo matatu ambayo kila mwenye umri wa kutosha anayakumbuka: uwezo, sababu na nia. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilikua katika muda mfupi likazidi laki moja, wakiwamo mgambo wapatao 40,000. Waliitwa kutoka mikoa yote: wakulima, makarani na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Walisafirishwa kwa treni, kwa meli za Ziwa, na kwa malori na mabasi yaliyochukuliwa kutoka kazi za kawaida.

Kusini mwa Kagera walichimba. Ilikuwa miezi ya mvua katika mkoa ule, ambao siku zile uliitwa Ziwa Magharibi. Maji yalijaa mahandakini kama yalivyojaa Lembeni. Mbu walikuwa wale wale, kungoja kulikuwa kule kule, na unga sharti ufike kutoka mbali. Tusijidanganye kwamba vita vya haki hulifanya tope kuwa laini. Mtu anayepigania nchi yake huona baridi sawasawa na anayempigania mkoloni, na mama yake hulia vile vile.

Tofauti ilikuwako, lakini tuitafute mahali pake. Mgambo wa mwaka 1978 alijua handaki lake linalinda nini: nyuma yake walikuwako wananchi waliokimbia makwao na kuvuka mto kwa kuokoa roho zao. Chakula chake hakikunyang'anywa mwanakijiji kwa bunduki. Wananchi kote nchini walichanga ng'ombe, nafaka na fedha. Na alipotoka handakini alisonga mbele, wengi wao kwa miguu, mpaka nchi ikakombolewa, Mutukula ikachukuliwa mwezi Januari 1979, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Wale wasiorudi wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ambayo Taifa linayatunza.

Hadi hapa twaweza kujipongeza. Lakini sikuja Same kwa ajili ya pongezi. Nimekuja na swali moja: walioishi, na walioondoka wakiwa wazima wakarudi na viungo vilivyopungua, na wake waliobaki milimani, majina yao na habari zao ziko wapi?

Mtu aweza kujibu kwamba jina halimnunulii mzee kilo ya unga. Jibu hilo nalistahi, kwa kuwa lina njaa ndani yake. Hata hivyo historia inatuonyesha kwamba jina na unga ni ndugu. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa wapagazi wa Vita vya Kwanza. Wengi walikufa wakidai mishahara yao. Mishahara hiyo haikuwafikia wajane na watoto, na mojawapo ya sababu ni kwamba majina yalikuwa yameandikwa ovyo, au kijiji hakikutajwa, hata mwenye haki asiweze kutafutwa. Fedha zilikuwako, marehemu alikuwako, na mjane alikuwako. Kilichokosekana ni karani mwangalifu.

Wa pili ni wa askari wa Wajerumani. Mwaka 1964 Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara wale waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee kwa mamia walikwenda Mwanza kupokea fedha hizo, na wachache tu walikuwa na vyeti. Waliosalia wakapewa ufagio uwe badala ya bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani kufanya kwata. Na mikono ya wazee ikakumbuka. Kisa hiki huchekesha watu. Mimi kinanihuzunisha. Mtu alipigana miaka minne, na ushahidi wake pekee baada ya nusu karne ni ufagio.

Mfano wa tatu ni wa majuzi. Mwezi Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, waliolitumikia jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Mzungu aliyekufa aliwekewa jiwe na jina lake. Mwafrika aliwekewa, pamoja na maelfu ya wenzake, sanamu moja mjini. Ile sanamu ya Askari iliyopo Dar es Salaam tangu mwaka 1927 ni nzuri kuitazama, lakini haina jina hata moja la mtu aliyebeba mzigo. Kukiri kulichukua miaka zaidi ya mia moja, na sasa wanaotafuta majina hayo wanayatafuta katika makaratasi yaliyoliwa na mchwa.

Mkoloni aliwanyima watu wetu majina kwa sababu hakuwaona kuwa watu. Sisi tutakuwa na sababu gani? Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 leo amekwisha pita miaka 65. Anakaa Usangi, Mbaga, Gonja au Mamba, analima tangawizi au kahawa, na jioni hukohoa. Wajukuu wake wanajua kwamba babu alikwenda Uganda. Zaidi ya hapo hawajui, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, na mzee wa Kipare si mtu wa kujisifu bila kuulizwa.

Kwa hiyo, Ndugu Walimu, pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila shule ya wilaya hii, na ya jirani zetu wa Mwanga, iwe na daftari moja. Wanafunzi wa madarasa ya juu watumwe kwa heshima kwa wazee wa vijiji vyao, wakiwa wamefundishwa kubisha hodi na kusalimu, na wawaulize mambo ya kawaida ya siku. Wasiulize siri za jeshi. Hizo zina wenyewe. Waulize: Babu, ulichimba kwa chombo gani? Ulikula nini asubuhi? Maji mliyatoa wapi? Mvua iliponyesha ulilala wapi? Jirani yako handakini alikuwa nani, naye alitoka mkoa gani? Ulipougua ni nani aliyekubeba? Na wamwulize bibi naye: Mwaka ule babu alipoondoka, ni nani aliyekwenda zamu ya maji ya ndiva badala yake? Kahawa ilivunwa na nani? Barua ilikuja, na kama haikuja, ulifanyaje? Kisha waandike jina kamili, jina la baba, kijiji na tarehe. Kwa namna hiyo mtoto atajifunza kuandika insha, atajifunza historia, na atajifunza kumsikiliza mzee.

Ndugu Watumishi wa umma, kwenu ninyi nina neno la peke yake. Mnaishi katikati ya mafaili. Mzee anapokuja ofisini na karatasi iliyochakaa, iliyokunjwa mara nane ndani ya mfuko wa plastiki, akiuliza habari za haki yake, ni rahisi kumwambia arudi kesho. Mkumbukeni yule karani wa mwaka 1917 aliyeona uvivu kuuliza kijiji cha mpagazi. Huenda hakuwa mtu mkatili. Huenda alikuwa amechoka tu, na foleni ilikuwa ndefu. Lakini uchovu wake wa dakika moja ulimnyima mjane mshahara wa mumewe milele. Tofauti kati yetu na utawala wa kikoloni haithibitishwi na hotuba kama hii yangu. Huthibitishwa mezani, pale mtumishi anapochukua kalamu na kuuliza, "Mzee, jina lako nani? Na la baba yako?"

Tarehe 25 Julai kila mwaka Taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mwaka huu, baada ya mikuki na mashada ya maua, natamani kusikia shuleni jambo moja jipya: majina ya wanavijiji yakisomwa kwa sauti na watoto wao, ya walioaga dunia na ya walio hai, kutoka katika daftari ambalo watoto wenyewe wameliandika. Na daftari hilo lianze na ukurasa mmoja mtupu kwa ajili ya waliochimba Lembeni, ambao majina yao hatutayapata tena.

Wazee wetu husema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Adhabu ya handaki, tofauti na ya kaburi, wapo wanaoijua na ambao bado wanaweza kusema. Wako juu hapo mlimani, mwendo wa saa chache kutoka ukumbi huu. Twende tukawaulize kabla nao hawajanyamaza.